Herufi za kwenye tiketi: zipi zina pesa yako ndani

Swali: Shikamoo kaka. Nauza mapazia na vitambaa vya makochi Kariakoo, na mara nne kwa mwaka naenda Guangzhou kupitia Addis Ababa. Wakala akinikatia tiketi napokea karatasi imejaa herufi: HK1, Q, X/ADD, 2PC, NVA, YQ. Binti wa kaka yangu aliyeko Houston ananicheka. Anasema, "Shangazi, unatupa maili, ungeshakuwa Gold zamani," halafu anataja vitu vingine, MR, J, YQ tena. Nilipokwenda kumtembelea, kadi yangu ya kupandia ndege ilikuwa na SSSS na nikapekuliwa kama mwizi. Hizi herufi ni za nini, na humo ndani kuna chochote cha kunifaa mimi mwenye mzigo?

Jibu: Marahaba dada yangu. Nimekaa nyuma ya meza ya tiketi hapa Dar miaka zaidi ya ishirini, na swali lako ni lile wateja huliuliza wakiwa tayari wako uwanja wa ndege, saa ambayo halina faida tena. Afadhali wewe umewahi.

Ulizozitaja ni lugha mbili. Ya kwanza ni yetu sisi wakata tiketi. Ilizaliwa enzi za teleksi, mashirika yalipotumiana ujumbe kwa waya na kila herufi ilikuwa gharama, kwa hiyo watu wakazoea kusema mengi kwa herufi mbili. Kompyuta zikaja, herufi zikabaki. Ya pili ni ya abiria wenyewe, wale wanaoishi angani, hasa Marekani na Ulaya. Waliokota herufi zetu, wakaongeza zao na utani juu yake. Nianze na ya kwanza, maana pesa yako iko humo.

Juu kabisa ya karatasi kuna mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla yake sita. Hiyo ni PNR, jina la faili lako kwenye mtambo. Kuwa na PNR si kuwa na tiketi, na hapo watu wengi wameumia. Wakala anaweza kukushikia nafasi, akakutumia karatasi nzuri yenye jina lako na saa za ndege, kumbe hajailipia. Nafasi hiyo ina muda wake, sisi tunauita TTL, na ukipita mtambo unaifuta bila kumuuliza mtu. Tiketi yenyewe ni namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 235 Turkish. Ukitumiwa karatasi haina tarakimu 13, umeshika ahadi tu, hata kama umelipa taslimu na risiti unayo.

HK1 maana yake nafasi imethibitishwa, ya mtu mmoja. Ukiona HL, uko kwenye foleni ya kusubiri. UN ni kwamba ndege hiyo haipo tena kwa ajili yako. TK ni kwamba saa zimebadilika (usiichanganye na TK ya mbele ya namba ya ndege, ambayo ni Turkish Airlines). Zile nyingine zikikutokea, piga simu kabla hujafunga begi.

Kisha kuna mstari ambao hakuna abiria anayeusoma, nao ndio unaonipendeza kuliko yote. Wako utafanana na huu, bei nimeweka za mfano:

DAR ET X/ADD ET CAN 310.00 ET X/ADD ET DAR 310.00 NUC620.00END ROE1.000000

Soma pole pole kama risiti. Unatoka DAR kwa ET, yaani Ethiopian, unapita ADD, unafika CAN. CAN ni Guangzhou, kutokana na jina lake la zamani, Canton. Nimeshawahi kuletewa karatasi na baba mmoja aliyehamaki kwamba mwanawe amekatiwa tiketi ya Canada. X kabla ya ADD inasema hapo unapita tu, hukai. Ukikaa zaidi ya saa 24 kwenye safari ya kimataifa, X inaondoka, unahesabiwa umefikia mji huo, na nauli inaweza kubadilika. NUC ni sarafu ya kwenye makaratasi tu, ambayo thamani yake ni sawa na dola ya Marekani, iliyowekwa ili nauli za nchi mbalimbali zijumlishwe pamoja. ROE ni kiwango cha kubadilishia. Kwa hiyo nauli yako halisi hapo ni dola 620, na kinachozidi hapo hadi kufikia ulichomlipa wakala ni kodi, tozo na chake yeye. Mahali pa nauli pakiandikwa IT au BT badala ya tarakimu, bei imefichwa makusudi kwa sababu wakala ameinunua kwa mkataba maalumu. Si wizi, ila hapo hutaweza kujua yeye alilipa ngapi.

Sasa njoo kwenye Q, maana hiyo herufi moja ndiyo inayokunyima maili, zile pointi ambazo mashirika huwapa abiria wenye kadi zao za uanachama.

Ndani ya ndege unaona madaraja mawili au matatu. Kwenye mtambo yapo zaidi ya ishirini. Vile viti vya nyuma vyote, vinavyofanana, chakula kilekile, vimegawanywa kwa herufi, na kila herufi ina bei na masharti yake. Y kwa kawaida ni bei kamili ya daraja la kawaida. J na C ni daraja la biashara, ndiyo maana binti yako akisema "nimeruka na J" anajisifu. F ni daraja la kwanza. Baina ya hapo kuna B, M, H, K, Q, L na nyingine, kila shirika linazipanga litakavyo, na kadiri unavyoshuka ndivyo bei inavyopungua na masharti yanavyokaza. Jirani yako wa kiti anaweza kuwa Y amelipa mara mbili yako, na kama haujatazama tiketi yake hutajua maisha.

Wakala akiuliza nafasi, kioo kinamwonyesha kitu kama Y9 B9 M9 H4 Q2 L0. Tarakimu ni viti vilivyobaki katika bei hiyo. 9 maana yake tisa au zaidi, 0 imefungwa. Hiyo ndiyo sababu ukisema "ngoja kwanza nikamuulize mwenzangu" ukarudi jioni, bei imepanda: viti viwili vya Q vimechukuliwa na mtu wa Mwanza. Na hili lifahamu, maana mawakala wavivu hawalisemi: mkiwa watu watatu na Q imebaki na viti viwili, mtambo unawapandisha wote watatu hadi H. Mwambie awakatie wawili kwa Q na mmoja kwa H, kwenye faili mbili. Nimeokolea vikundi vya Kariakoo pesa nyingi kwa ujanja huo mdogo, ingawa kuna hasara yake: ndege ikifutwa, faili mbili zinaweza kupangiwa ndege mbili tofauti.

Maili zinafuata herufi hiyohiyo. Dar hadi Addis ni takriban maili 1,090, Addis hadi Guangzhou karibu 5,000. Kwenda na kurudi unapata kama 12,000, na kwa safari nne ni 48,000 kwa mwaka. Hapo ungekuwa mtu mzito kwenye kadi nyingi zinazohesabu umbali. Lakini herufi za bei ya chini mara nyingi hulipa nusu ya umbali, au robo, nyingine hazilipi hata moja, na kila shirika lina jedwali lake. Kwa robo, zile 48,000 zinakuwa 12,000. Yapo pia mashirika yaliyoacha umbali kabisa na kuhesabu pesa uliyolipa, na hayo kwa mnunuzi wa bei rahisi kama wewe ni mabaya zaidi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza maswali mawili tu: hii ni herufi gani, na kwenye kadi yangu inalipa asilimia ngapi? Wakati mwingine tofauti ya herufi moja ni dola 25, na hiyo inafaa kulipwa. Wakati mwingine ni 200, basi achana nayo.

2PC ni mabegi mawili. Angalia haisemi kilo. Katika daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kila begi, lakini thibitisha kwa tiketi yako. Kilo hazisaidiani: begi la 28 na la 18 ni jumla ya 46, na bado utalipia lile la 28. Ikiandikwa 30K, hapo ni jumla ya kilo 30, gawanya upendavyo.

NVB na NVA ni kabla ya siku gani na baada ya siku gani tiketi haifanyi kazi. NONEND ni kwamba shirika lingine haliwezi kukupokea kwa tiketi hiyo. Na kuna neno moja haliandikwi kwenye karatasi yako ila linakaa kwenye mtambo likikusubiri: NOSHOW. Ukiacha kupanda kipande cha kwanza, vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na cha kurudi. Mteja wangu mmoja alikuwa Zanzibar, tiketi yake inaanzia Zanzibar kupitia Dar. Akaja Dar kwa boti siku moja kabla, akidhani amejirahisishia. Kaunta wakamwambia hana safari. Nilihangaika naye usiku ule mpaka saa nane, na alilipa faini karibu sawa na nauli. Nilikuwa nimemwonya? Nilikuwa sijamwonya, na ndiyo maana sasa namwambia kila mtu.

YQ ndiyo mbaya wangu. Utaiona kwenye orodha ya kodi, katikati ya tozo za uwanja na za serikali, mara nyingi ikiwa na tarakimu kubwa kuliko zote. Si kodi. Ni pesa ya shirika la ndege lenyewe, ilianza kwa jina la tozo ya mafuta, mafuta yakashuka na yenyewe ikabaki. Dada yake ni YR. Inakuhusu kwa namna hii: siku utakayotumia maili zako kupata tiketi "ya bure", nauli itakuwa sifuri, lakini shirika linaweza kukudai YQ yote, na kwa safari ndefu hiyo ni mamia ya dola. Wapo watu wamekusanya maili miaka minne, wakaona tozo, wakakata tiketi ya pesa taslimu kwa hasira. Mashirika hayafanani kwa hili, kwa hiyo kabla hujaanza kukusanya, ingia kwenye programu ya kadi unayoitaka ujifanye unatafuta tiketi ya maili ya Dar hadi Guangzhou, uone tozo zake.

Viwanja vingine sina haja ya kukusimulia, DAR, NBO, EBB, DXB unavijua. Kimoja tu cha kuchekesha: MCT ni Muscat, na MCT pia ni muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kuunganisha ndege mbili katika kiwanja. Kwenye tiketi moja mtambo hautakubali kuuza chini ya muda huo, na ukichelewa ni juu yao kukupeleka. Kwenye tiketi mbili tofauti, ukichelewa umejichelewesha.

Haya, lugha ya binti.

Mchezo wa maili ulishika moto tarehe 1 Mei 1981, American Airlines walipoanzisha AAdvantage. United wakawafuata ndani ya siku chache. Wazo lilikuwa rahisi, mteja asihame. Wamarekani wakaligeuza kazi. MR, kwa Kiingereza "mileage run", ndiyo kuruka bila kuwa na haja ya safari: mtu anaona nauli ya kutupa, anakwenda mji wa mbali, anakunywa kahawa uwanjani, anarudi na ndege ileile, alichofuata ni maili. Mwaka 1999 mhandisi wa California, David Phillips, aliona kampuni ya chakula inatoa maili kwa kila vibandiko kumi vya bidhaa zake. Akanunua vikombe 12,150 vya pudini kwa kama dola 3,000, akapata zaidi ya maili milioni moja. Pudini nyingi akazitoa sadaka kwa shirika la hisani, na wahudumu wa shirika hilo wakamsaidia kubandua vibandiko. Wengine walinunua sarafu za dola moja kutoka kiwanda cha sarafu cha serikali kwa kadi za mkopo zenye maili, wakazipeleka benki kulipia deni la kadi hiyohiyo, mpaka mwaka 2011 kiwanda kikasitisha kuziuza kwa kadi. Ukiangalia, hesabu yao ni kama ya mchuuzi wa Kariakoo: CPM, senti ngapi kwa kila maili. Ila wewe una mzigo wa kuuza. Usifanye MR.

Maneno yao mengine yatakufanya ucheke. "Taya wazi" ni tiketi ya kwenda Guangzhou na kurudi kutokea Dubai; hiyo uliza, inaweza kukufaa ukinunua kote kuwili. "Chuma" ni ndege yenyewe: unaweza kuwa na namba ya shirika moja huku chuma ni cha lingine. HUACA ni kukata simu na kupiga tena hadi upate mhudumu mwenye huruma, na inafanya kazi hata Dar. DYKWIA ni abiria wa "unajua mimi ni nani?" Huyo hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Nimemwona hapa JNIA akigonga kaunta kwa pete, na nikamwona yuleyule akisubiri begi lake dakika arobaini na tano pamoja nasi.

Sasa hilo la Gold, yaani ngazi ya juu ya kadi, na hapa binti ana hoja. Ethiopian wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu Desemba 2011. Maana yake maili za safari zako si lazima uziweke kwao. Unaweza kuziweka kwenye kadi ya Turkish au ya mwanachama mwingine yeyote ambaye jedwali lake linaitendea herufi yako vizuri. Ukifika ngazi ya Star Gold, chumba cha mapumziko ni raha tu, kilicho muhimu kwako ni hiki: unaongezewa begi moja, au kilo 20 pale wanapohesabu kilo. Kwa mtu wa vitambaa, begi moja la nyongeza kila safari, mara nne kwa mwaka, ni mtaji. Kuna miungano mingine: Kenya Airways wako SkyTeam, Qatar wako oneworld, Emirates hawako kokote. Kosa unalolifanya, nadhani, ni kurukia bei: leo Addis, kesho Doha, keshokutwa Dubai, na kadi tatu ambazo hakuna iliyojaa. Chagua familia moja, ukae humo mwaka mzima. Bei ikizidi sana, toka, lakini ujue umeacha nini.

Mzigo usipofika, usitoke uwanjani bila PIR. Ni taarifa ya upotevu, na namba yake ina herufi tano na tarakimu tano, kwa mfano inaanza DARET. Bila hiyo wewe ni msimuliaji tu. Begi likifika limeharibika una siku 7 za kuandika malalamiko. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Andika, usipige simu.

SSSS haikuwa juu yako. Ni alama ya ukaguzi wa ziada wa Marekani. Orodha inatoka kwao, na yule binti wa kaunta hawezi kuifuta hata akitaka. Wengine wanapata mara moja kwa bahati mbaya, wengine kila safari kwa sababu jina lao linafanana na la mtu mwingine. Ikikurudia, omba namba ya Redress, ya kukutofautisha na huyo mwingine, kupitia DHS TRIP, mfumo wa malalamiko ya wasafiri wa serikali ya Marekani, ni bure, na ukiipata mpe wakala aiingize kwenye faili kabla ya tiketi. Siku hiyo yenyewe fika mapema, hutaweza kujisajili kwa simu.

Na zile safari ulizokwisha kufanya, kazi ya leo jioni ni hii: tafuta tiketi zenye tarakimu 13 na vipande vya kadi za kupandia ndege, vile ulivyovitupa kwenye droo. Mashirika mengi hukubali kudai maili za miezi ya nyuma, ila si za zamani sana, na baadhi hawakubali za kabla ya siku uliyojiunga. Anza na ile ya karibuni zaidi.